Saa ya Pampu ya Tatu

Kitu ambacho Mama Presha hakuwahi kumwachia mtu ni daftari. Funguo za nyumba ya pampu aliweza kumpa yeyote, hata kiti chake cha plastiki chenye mto alikiazima bila kununa, lakini daftari, thubutu! Lilikuwa daftari nene la jalada jeusi. Kila saa moja ikipita alisimama, akapita mbele ya pampu nne za maji ya mji, akasoma presha ya kila moja, akarudi kuandika kwa kalamu ya wino wa buluu. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo, na jina lake lilitokea hapo, ingawa wenye utani walisema ni kwa sababu ukimkosea presha inayopanda ni ya kwako.

Jumanne hiyo, saa tatu na robo asubuhi, pampu tatu zilinyamaza kwa mpigo.

Mama Presha alikuwa amekaa na kikombe cha chai. Hakumwaga chai wala hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini taratibu, kwa sababu jambo hili alikuwa amekwisha kuliona. Mwaka mmoja nyuma, saa ile ile, pampu ya kwanza, ya pili na ya nne zilizimika hivi hivi, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amempoteza ndugu yake wa tumbo moja akiwa hai.

Pampu zenyewe zilinunuliwa kwa kampuni ya ng'ambo. Zile za zamani ulikuwa ukizifungua unauona ugonjwa kwa macho yako: bolti imelegea, mpira umekatika, basi unatibu. Hizi mpya zilikuja na paneli, makabati ya chuma yenye skrini ndogo na mlango wa kufungwa kwa ufunguo, na ndani ya ile skrini kuna nini, walijua wenyewe waliozitengeneza. Mji uliuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha gunia lenyewe likapigwa picha na kuwekwa kwenye kalenda ya idara ya maji.

Aliyekuja kuzifunga alikuwa injinia mgeni, kijana mrefu mwenye cheko la karibu, ambaye wiki ya pili tu alikwisha kutangaza kwamba haondoki bila mke. Mke hakupata, ila jina la Shemeji likamganda. Kwa miezi minane alikula kwa Mama Presha kila Jumapili. Kiswahili alijifunzia jikoni kwake, alimwamkia mama mzazi wa Mama Presha shikamoo iliyonyooka kuliko ya wajukuu, na alipopata homa ni Mama Presha aliyemkanda kwa maji ya vuguvugu na kumlisha uji kwa kijiko. Kazi za paneli alimfundisha fundi umeme wa pale pale, ambaye alikuwa mdogo wake Mama Presha. Watu walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Shemeji na Waya walikuwa wakishinda ndani ya kabati moja, vichwa vimegusana, wakicheka wanayoyajua wao.

Mkataba wa matengenezo ulipokwisha, meneja wa idara hakuona haja ya kuwalipa wageni tena. Waya si yupo? Waya akazihudumia pampu miezi mitatu, zikaenda vizuri, mpaka asubuhi ile ya saa tatu na robo. Tatu zilizimika kwa pamoja. Ya tatu kwa namba ikahangaika peke yake hadi alasiri, saa tisa na robo, nayo ikazima. Siku tisa mji ulikaa bila maji. Hospitali iliwasafirisha wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine inayotaka maji mengi kwenda mji mwingine, na mmoja wao, mwalimu wa shule, alifia njiani.

Shemeji akaletwa kwa ndege. Alijifungia na paneli zake nusu siku, pampu zikaamka, akatoka na karatasi. Karatasi ilisema pampu zote nne zilizimika wakati mmoja, 09:15, kwa sababu mikono isiyo na ujuzi ilifungua paneli na kuharibu nyaya. Mashine huhesabu saa tangu usiku wa manane, kwa hiyo 09:15 yake ndiyo saa tatu na robo yetu.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Waya alisimama akaelekeza kidole kwenye karatasi.

"Si kweli! Pampu ya tatu imekwenda mpaka saa tisa na robo. Mimi nilikuwepo, dada alikuwepo, na aliandika. Fungueni daftari lake."

Daftari lilifunguliwa. Liliandikwa hivyo hivyo, kwa wino wa buluu. Meneja akatabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto.

"Mama, hapa si ulitazama skrini ukaona tisa, na wewe ukaandika tisa? Umechanganya saa ya mashine na saa yetu."

"Ni kosa la kawaida, dada," Shemeji alisema kwa upole. "Siku ile ilikuwa ngumu. Mashine ina kumbukumbu yake, haichoki."

Na kweli siku ile ilikuwa ngumu. Watu walikuwa wakigonga geti, simu zinalia, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Mama Presha aliikumbuka sauti ya pampu ya tatu ikinguruma peke yake mchana kutwa. Aliikumbuka. Lakini alimtazama meneja, akaitazama karatasi iliyochapwa vizuri yenye mhuri, akamtazama Shemeji, macho yale yale yaliyokuwa yakimwangalia juu ya sahani ya Jumapili, na ulimi ukamponyoka.

"Labda nimechanganya."

Maneno mawili tu. Waya alimgeukia dada yake. Kisha wakampa Mama Presha kalamu, akaweka sahihi chini ya ripoti kama msimamizi, na Waya akamwaga unga siku hiyo hiyo. Kampuni ikapewa mkataba mpya wa mwaka mmoja. Mtaani walimpa Waya jina jingine, nalo lilikuwa na neno muuaji ndani yake. Mama yao, aliyekuwa akiishi kwa binti yake, alifunga nguo zake kwenye kanga akahamia chumba cha mwanawe. Waya akafungua kibanda nyuma ya soko, akitengeneza pasi na feni. Kila alipokutana na dada yake alisema "Shikamoo dada", naye akajibu "Marahaba", na baada ya hapo ilikuwa kama wamefungiwa mlango. Mama Presha angeweza kuvumilia matusi. Ile shikamoo kavu ndiyo iliyomnyima usingizi.

Sasa, Jumanne hii, alisimama katikati ya nyumba ya pampu akitazama. Mkataba ulikuwa umekwisha Ijumaa iliyopita, na meneja alikuwa bado anafikiria. Tangu Waya aondoke, paneli hazikuguswa hata kwa kitambaa cha vumbi, maana kila mtu alikuwa na woga nazo. Safari hii hakukuwa na mikono isiyo na ujuzi. Hakukuwa na Waya wa kusingiziwa.

Na pampu ya tatu ilikuwa inakwenda.

Alilivuta kabatini daftari la mwaka jana, akatafuta ukurasa. *Saa tatu na robo, pampu 1, 2, 4 zimezima.* Mistari sita chini yake: *Saa tisa na robo, pampu 3 imezima.* Robo na robo. Alikwenda mbele ya paneli ya pampu ya tatu, akafanya jambo ambalo hakuna mtu pale aliyekuwa akilifanya, maana wote walisoma presha tu: akasoma saa iliyokuwa pembeni mwa skrini. 03:22. Akageuka kutazama saa ya ukutani, ambayo wao waliiweka kwa saa zetu. Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Kwa macho ya mtu yeyote wa mji ule, ilikuwa sawasawa kabisa.

Kisha akazitazama paneli nyingine. Pampu zake zilikuwa zimekufa lakini saa zilikuwa zinatembea: 09:22. 09:22. 09:22.

Hapo ndipo alipokumbuka betri. Mwaka wa pili wa zile pampu, Waya akiwa likizo ya harusi yake, skrini ya pampu ya tatu iliwaka na kuzima, ikidai betri mpya ya saa. Aliibadilisha mwenyewe, kwa fahari kubwa. Skrini ikamuuliza saa ngapi. Ilikuwa saa mbili kamili asubuhi. Akabonyeza mbili. Angebonyeza nini kingine? Tangu siku hiyo saa ya pampu ya tatu ilikuwa nyuma ya wenzake kwa saa sita, nayo ilizimika saa sita baada ya wenzake, saa yake yenyewe ilipofika 09:15.

Nyaya zilizoharibika hazijui saa. Kulikuwa na amri ndani ya paneli zile: mkataba ukiisha, siku fulani, 09:15, lala.

Mama Presha alikaa chini, kwenye sakafu yenye mafuta. Hakuchanganya. Mwaka mzima amejiita mzee aliyeanza kuchanganya mambo, kumbe aliandika sahihi. Alitaka kulia, lakini akatazama ukutani. Mji ulikuwa na pampu moja, na pampu hiyo ilikuwa na saa sita kasoro dakika chache za kuishi.

Kibandani nyuma ya soko, Waya alikuwa ameinamia feni alipomwona dada yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Waya, zimezima. Tatu. Ya tatu inakwenda."

Hakuinua kichwa. "Waite wenye kumbukumbu isiyochoka."

"Saa yake niliiweka mimi," Mama Presha alisema, akihema. "Ile siku ya betri, ulipokuwa likizo. Niliiweka kwa saa zetu. Iko nyuma saa sita. Umenielewa? Mwaka jana ilizima saa yake ilipofika tisa na robo. Saa yake, Waya. Si nyaya."

Bisibisi ilisimama. Waya hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Ndani ya zile paneli alikuwa anaona kama ndani ya kiganja chake.

"Wametega," alisema taratibu. "Na Shemeji alipojifungia mle ndani alikuwa anategua."

"Twende. Mpaka saa tisa na robo tuna muda."

"Mimi nimekatazwa kukanyaga pale."

"Twende, mdogo wangu."

Alikwenda, lakini si kwa ajili ya dada yake. Alikwenda kama mtu aliyekaa mwaka mzima na mwiba mguuni, kisha akaonyeshwa ulipo.

Getini mlinzi aliwazuia. Alikuwa mtu mpole, na alitia huruma kumwona akijikuna kisogo huku akionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha la kibanda chake. Ilisema fundi huyu haruhusiwi kuingia eneo la mitambo, na chini palikuwa na sahihi.

"Mama, mimi nafuata karatasi tu. Na hii umeisaini wewe."

Mama Presha aliitazama sahihi yake. Ilikuwa nzuri, yenye mkia, aliyojifunza shuleni. Aliingiza kucha chini ya gundi, akaibandua karatasi yote, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Sasa hakuna karatasi," alisema. Mlinzi akafungua geti haraka, maana watu wenye ndoo walikwisha kuanza kukusanyika barabarani na alijua wataanzia kwake.

Ndani, Waya alifungua mlango wa paneli ya tatu, akachungulia, akafunga. Hakugusa kitu.

"Zile tatu zimeshajifunga, hazifunguki bila namba yao ya siri. Hii bado. Irudishe tarehe nyuma mwezi mzima. Kama ni saa inayoua, haitaifikia leo."

"Fanya basi."

"Bonyeza wewe," Waya alisema, mikono ameiweka mgongoni. "Sitaki mtu aseme tena ni mkono wangu."

Akabonyeza yeye, huku Waya akimwelekeza kitufe kwa kitufe kutoka hatua mbili nyuma. Skrini ikakubali. Kisha wakasubiri, yeye kwenye kiti chake, Waya kwenye ngazi ya mlangoni, na kila saa aliinuka akasoma presha akaandika. Meneja alipiga simu mara nne, akaambiwa asubiri. Saa tisa na dakika kumi Mama Presha alisimama mbele ya pampu ya tatu, roho juu. Saa tisa na robo ikafika. Ikapita. Pampu ikaendelea kunguruma, na mshale wa presha haukutikisika.

Waya alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimcheza kidogo, kisha yakatulia.

Saa kumi simu ya Mama Presha iliita. Ilikuwa namba ya ng'ambo. Aliiweka kwa sauti kubwa ili na mwenzake asikie.

"Dada! Hamjambo?" Sauti ilikuwa na lile cheko la karibu. "Nimesubiri simu yenu tangu asubuhi."

"Hatujambo. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nimesikia pampu zimezima. Poleni sana kwa zote nne. Mwambie meneja asaini tu mkataba, kesho kutwa niko hapo."

"Umesikia kwa nani?"

"Paneli zinatuma taarifa."

Waya alitikisa kichwa. Paneli hazikuwa na antena wala waya wa kutoka nje ya chumba kile. Aliyemfundisha hilo ni mtu huyo huyo anayesema. Mama Presha aliinuka, akaisogeza simu karibu na pampu ya tatu mpaka ngurumo ikajaa.

"Unaisikia? Hiyo ya tatu. Niliitia saa mimi mwenyewe, kwa saa zetu, nanyi hamkujua. Imevuka tisa na robo yenu, iko hai."

Lile cheko likakatika.

"Dada, mimi ni mwajiriwa tu. Si mimi niliyeweka kile kitu."

"Ila ulijua."

"...Nilijua."

"Na siku ya kikao, mdogo wangu amesimama mbele yako, ulijua."

"Nilidhani watampa onyo tu, dada. Kweli nilidhani onyo tu."

"Na mwalimu aliyefia njiani, yeye naye alipewa onyo?"

Simu ikakatwa. Mama Presha alibaki ameishika hewani. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alikumbuka kitambaa cha maji ya vuguvugu kwenye paji la uso la yule kijana, akatamani angemwacha na homa yake.

"Alikula kwangu," alisema. "Jumapili zote zile. Nimemlisha kwa mkono huu, kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Alikula kwako," Waya alijibu. Hakupandisha sauti. "Lakini mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja. Yeye aliulizwa, akatetea mshahara wake. Wewe uliulizwa, ukasema nini?"

Mama Presha aliigeukia pampu ya tatu.

"Ulijua ilikwenda mpaka alasiri. Tulikuwa wote hapa. Ulinipa maji ya kunywa ikinguruma hiyo hapo."

"Nilijua."

"Ukasema labda."

"Nikasema labda." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Nisamehe, mdogo wangu. Nitamwambia meneja. Nitaandika barua, ibandikwe kila mahali ile nyingine ilipobandikwa."

"Utaandika, na meneja utamwambia. Kesho nitakuja kuihudumia hii pampu, kwa sababu watu wanataka maji." Waya aliokota bisibisi yake. "Lakini kwanza twende kwa mama. Uliyomwambia mwaka jana ulimwambia kwa mdomo wako."

Ilikuwa kweli. Jioni ya kikao ni yeye aliyemwambia mama yao, kabla mtaa haujamfikishia: mwanao ametuaibisha, amefungua asichokijua. Alisema hivyo kwa sababu alipokwisha kusema labda, ilibidi jambo lote liwe hivyo, la sivyo asingeweza kulala.

Mama yao alikuwa ameketi kitandani, dirishani, kwenye mwanga wa mwisho wa alasiri. Macho yake yalikuwa hafifu siku hizi, watu akiwatambua kwa nyayo.

"Hizo ni nyayo za watu wawili," alisema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo." Mama Presha alipiga magoti sakafuni, daftari mapajani. Akamweleza yote, betri, saa, simu, bila kuruka mahali. Mama yao alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, kikongwe akanyoosha kidole kuelekea daftari.

"Nisomee."

Akasoma. "Saa tatu na robo, pampu ya kwanza, ya pili na ya nne zimezima. Saa tisa na robo, pampu ya tatu imezima."

"Uliandika lini hayo?"

"Mwaka jana, mama. Siku ile ile."

"Na daftari lilikuwa wapi mwaka mzima?"

Mama Presha aliinamisha kichwa.

"Lilikuwa kwangu."

Mama yao akanyoosha mkono hewani. Mama Presha akaunyanyua wa kwake kuupokea, lakini mkono wa kikongwe ulimpita, ukaendelea kupapasa mpaka ukampata Waya.